"Huyu Hakui Zaidi ya Hapa": Mambo Tisa Kabla Hujamlipia Mbwa wa Kiganjani

Pale Mwandiga, barabara ya Manyovu inapoachana na ile ya kwenda Kasulu, utapata mawese kwa dumu, dagaa kwa kilo na gari la kukufikisha utakako. Mbwa wa kukaa kiganjani hutampata. Huyo anakuja kwa simu: picha moja, mkono wenye kucha zilizopakwa rangi, na juu ya kiganja donge la manyoya lenye macho mawili. Chini ya picha, maneno ni yaleyale kila siku: "Huyu hakui zaidi ya hapa."

Hakui! Ndugu yangu, kila kilichozaliwa kikanyonya kinakua, na kisipokua kinaumwa. Nawapenda mbwa hawa wadogo kwa moyo wote, na ndiyo maana sitaki uuziwe ahadi ya urefu na uzito, kisha mnyama ndiye aje kuilipia. Tunahesabu kurudi nyuma, kutoka tisa hadi moja. Mwenye hela tayari kwenye simu arukie namba moja sasa hivi. Wengine twende taratibu.

9. Kiganja ni cha nani?

Mbwa yuleyule akiwekwa kwenye kiganja cha mvuvi wa Kibirizi aliyevuta nyavu miaka ishirini ataonekana nusu ya alivyo kwenye kiganja cha binti wa darasa la pili. Omba picha nyingine: mbwa amesimama sakafuni, pembeni yake chupa ya maji ya nusu lita, na simu imeshushwa hadi usawa wa mgongo wake. Muuzaji akisema hana chupa, mtumie hela ya maji.

8. Kikombe kiachieni chai

Kuna majina ya kupandishia bei: mbwa wa kikombe cha chai, mbwa wa mfukoni, mini, supa mini. Klabu ya mbwa ya Uingereza haimtambui mbwa wa kikombe kuwa aina. Ya Marekani haimtambui. Shirikisho la kimataifa, FCI, halimtambui. Wanachokitambua ni aina za mbwa wadogo zenye vipimo vyake, na vipimo hivyo vinafaa kuvijua kwa kichwa kabla hujapiga simu.

Chihuahua, kwa kanuni za Marekani, asizidi kilo 2.7. Yorkshire Terrier asizidi kilo 3.2. Pomeranian ni kati ya kilo 1.4 na 3.2. Maltese, kwa FCI, ni kilo 3 hadi 4. Shih Tzu anaanzia kilo 4 na kupita 7. Hao ni wakubwa waliokwisha kukua, tena wale wa kupelekwa kwenye maonyesho; wa majumbani wengi wanazidi hapo na wanaishi raha mustarehe.

Sasa, wapo wadogo kupita kiasi? Wapo, wa kuhesabu. Chihuahua aitwaye Pearl, aliyezaliwa Florida mwaka 2020, alitambuliwa na Guinness kuwa mbwa mfupi kuliko wote walio hai: sentimita 9.14 kwenda juu, gramu 553. Hiyo ni nusu kilo ya dagaa na konzi moja ya kuongezewa. Aliyeshika rekodi kabla yake, Miracle Milly wa Puerto Rico, mwenye sentimita 9.65, ni wa ukoo uleule. Dunia nzima imetafuta, ikaupata udogo huo kwenye ukoo mmoja. Muuzaji wako anao watano kwenye boksi la sabuni?

7. Mweupe, manyoya tele, jina halijulikani

Hapa ndipo wengi wanapolia. Mtoto wa Pomeranian mweupe na mtoto wa Japanese Spitz wakiwa na wiki sita ni mapacha machoni pa mnunuzi. Baada ya mwaka, mmoja ana kilo mbili na nusu, mwingine anaweza kufika kilo kumi na sentimita 38 mabegani, na bado anataka kulala kwenye kile kikapu ulichomnunulia siku ya kwanza. Mwache alale. Kikapu ndicho kibadilishwe.

Hata Pomeranian wa kweli ana historia inayopaswa kukupa tahadhari. Mwaka 1888 Malkia Victoria wa Uingereza alikuwa mapumzikoni Florence, Italia, akarudi nyumbani na Pomeranian aitwaye Marco, mwenye kilo tano na kidogo. Kwa wakati ule huyo alihesabiwa mdogo, kwa kuwa Pomeranian wa Uingereza walikuwa mbwa wakubwa zaidi yake. Malkia akipenda kitu, nchi nzima inakipenda. Wafugaji wakachagua wadogo, wakazalisha na wadogo wenzao, na ndani ya miongo michache aina nzima ikapungua umbo. Kwa hiyo mababu wakubwa hawako mbali. Wamo ndani ya damu, na mara mojamoja, wazazi wawili wadogo kabisa wanapata mtoto aliyeamua kumfuata babu.

Wanasayansi wameuchimba udogo huu hadi kwenye mizizi. Mwaka 2007 walionyesha kwamba tofauti moja katika jeni iitwayo IGF1 inawakuta karibu mbwa wadogo wote. Mwaka 2022 wakaikuta tofauti hiyohiyo kwenye mabaki ya mbwa mwitu wa Siberia aliyeishi miaka 54,000 iliyopita, zamani za zamani kabla binadamu hajafuga mbwa yeyote. Lakini jeni hiyo haiko peke yake. Zipo nyingine nyingi, na kila mimba inazichanganya upya. Ndiyo maana watoto wa uzao mmoja wanatofautiana, na anayekuapia kwamba atajua gramu za mwisho za kila mmoja anajua kuliko maumbile. Nendeni mkamuulize mama yeyote wa watoto sita kama alimjua mrefu tangu siku ya arobaini.

6. Ng'ambo ya ziwa kuna mdogo mwenye heshima zake

Simama ufukweni Ujiji, tazama magharibi. Ile milima ni Kongo, na kutoka misitu ya Kongo ametokea mbwa ambaye wazungu walimpigia foleni: Basenji. Alionyeshwa kwenye maonyesho ya Crufts mjini London mwaka 1937, watu wakajazana kumwona. Mkia umejikunja, masikio yamesimama, kilo 10 au 11, na habweki kama wenzake. Ana sauti yake ya kuimba-imba. Wawindaji walimfunga njuga ya mti shingoni ili wajue alipo porini.

Simwambii mtu aende kumtafuta Basenji. Ninachosema ni kwamba mbwa wetu wa kienyeji, yule mwembamba wa rangi ya udongo anayelala kivulini sokoni Mwandiga, naye ni mbwa wa umbo la wastani, amezoea jua hili na kupe hawa, na mtoto wake utapewa bure na asante juu. Nitalisema hili hata muuzaji wa kwenye simu anune.

5. Mwewe haangalii risiti

Mtoto wa mbwa wa gramu mia saba ni kitoweo. Mwewe anayechukua vifaranga uani hatauliza kama huyu ni wa kizungu. Siafu wakipita usiku, mbwa mkubwa atakimbia; huyu aliyefungiwa kwenye boksi hana pa kukimbilia. Mifupa ya miguu yake ni myembamba, na kuruka tu kutoka kwenye kochi kunaweza kuuvunja mmoja. Watoto wadogo wakae chini sakafuni wanapomshika, na anayembeba bodaboda juu ya tangi la mafuta aache leo.

Halafu kuna majirani. Kigoma na Ujiji wengi wetu ni Waislamu, na nyumba nyingi za kupanga zina ua mmoja. Mate ya mbwa kwa madhehebu ya Shafii ni najisi ya kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kilo mbili akilamba kanzu ya mzee anayekwenda msikitini amemrudisha nyumbani sawasawa na jibwa la kilo thelathini. Zungumza na mwenye nyumba na wenzako wa uani kabla hujatuma hela, na uwe na kibanda chake chenye wavu juu. Udogo haujayasafisha mate ya mbwa yeyote.

4. Mbwa aliyekuwa njiani kuja ziwani

Wote tunaijua hadithi ya Ujiji, mwembe na Stanley akimwamkia Livingstone mwaka 1871. Wachache wanamjua Chitane.

Chitane alikuwa mbwa mdogo wa aina ya poodle aliyesafiri na Livingstone katika safari yake ya mwisho. Livingstone alimwandika kwenye shajara yake kwa mapenzi matupu. Mbwa huyo alijipa ukubwa wa msafara: anakimbia mbele kumkagua wa kwanza, anarudi nyuma kumbwekea wa mwisho ajikaze. Akishajua kibanda cha bwana wake ni kipi, mbwa wa kijijini hasogei hapo, na mwenyewe haibi chakula. Kwa ujasiri Livingstone alimweka juu ya mbwa mia wa vijijini. Hebu fikiria msafara mzima wa wanaume na mizigo yao, na msimamizi ndiye mwenye miguu mifupi kuliko wote!

Tarehe 15 Januari 1867, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walivuka kinamasi cha Chimbwe, upana wa kama maili moja. Maji yalimfika mtu kiunoni, chini tope laini lenye mashimo. Livingstone alitangulia na hakuacha agizo lolote kuhusu mbwa. Waliofuata walikuwa wanahangaika wasiyumbe wakaanguka. Chitane akaingia majini, akaogelea akiwafuata, akachoka, akazama. Walipotoka ng'ambo ndipo wakakumbuka. Kama miezi miwili na nusu baadaye Livingstone alilifikia ziwa letu upande wa kusini, kule alikosikia likiitwa Liemba, jina linalobebwa hadi leo na meli yetu kongwe. Chitane hakuliona.

Nimeiweka hadithi hii hapa kwa sababu ndani yake kuna kipimo ambacho muuzaji hatakupa: kiuno chako ni kina kirefu kwa mbwa wako. Mtaro wa mvua za Machi ni mto kwake. Beseni la kufulia ni kisima. Moyo wake hautamwambia kwamba ni mdogo, atajitosa tu, kwa hiyo wewe ndiye wa kukumbuka. Na wanaodhani ukubwa pekee ni kinga, Stanley alirudi mwaka 1874 na mbwa wakubwa wa kutisha, na mmoja wao, Castor, alikufa kwa joto wakiwa ndiyo kwanza wameiacha Bagamoyo.

3. Tumbo dogo, njaa ya kila saa

Mtoto wa mbwa hawa hana akiba mwilini. Akikaa saa nyingi bila kula, sukari ya damu inashuka: analegea, anayumba kama mlevi, anatetemeka, kisha degedege, na usipofanya haraka anakufa. Mlishe mara nne kwa siku au zaidi hadi avuke miezi minne, na usiku usiwe mrefu sana. Akilegea, mpake asali kidogo kwenye fizi, mfunike apate joto, na uondoke naye kwenda kwa daktari wa mifugo. Hapo Kigoma tumebarikiwa: asali ya Kibondo na Kasulu ipo, na kijiko kimoja ndani ya kabati kinaweza kuokoa maisha.

Ugali mtupu na mchuzi haumtoshi. Dagaa wa ziwani wanamfaa sana, wale wasiotiwa chumvi, walowekwe na kuchemshwa, wapondwe. Vitunguu na chokoleti ni sumu kwa mbwa yeyote, na kwa mwenye kilo moja na nusu sumu haihitaji kuwa nyingi.

Sasa nije kwenye linalonikereketa. Kuna ushauri unaopitishwa kimyakimya kati ya wauzaji na wanunuzi: "Mpe chakula kidogo ili abaki mdogo." Huo ni ukatili. Urefu wa mwisho wa mbwa umeandikwa kwenye damu ya wazazi wake; njaa inampa mifupa dhaifu, meno mabovu na tumbo lenye minyoo iliyomshinda nguvu, na bado atakua kuelekea pale alipopangiwa, kwa kukokota. Umemnunua umlee. Kama ulitaka kitu kisichoongezeka hata gramu, duka la vinyago linafunguliwa saa mbili asubuhi.

2. Sindano haina saizi ndogo

Wengi wa mbwa hawa wanatoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita elfu moja hadi kwetu. Mtoto wa wiki tano ndani ya boksi, chini ya kiti cha basi, bila maziwa na bila kukojoa, anafika Kigoma ameshaisha. Asisafiri kabla ya wiki nane, asafiri na mtu anayemjua kwa uso, na ale njiani.

Chanjo ya paavo na distempa inaanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, na inarudiwa kila baada ya wiki chache hadi ya 16. Distempa si ugonjwa wa mchezo: mwaka 1994 virusi vyake viliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti. Simba! Mbwa wako wa kikapuni atafanya nini? Dai kadi yenye stika ya chupa ya chanjo, tarehe, na muhuri wa daktari.

Ya kichaa cha mbwa anachomwa akifikisha miezi mitatu, na dozi ni ileile anayopewa mbwa mlinzi wa godauni. Meno yake madogo yanabeba kichaa sawasawa na meno makubwa. Akikung'ata mbwa asiye na chanjo, osha jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama alama ni ya kuchungulia. Ukiwa Mwandiga, mbwa wako aanze kumjua afisa mifugo wa kata mapema, wakiwa wote wawili wazima.

1. Mama yake ana kilo ngapi?

Hili ndilo swali lenyewe. Mwonekano wa mtoto unakuambia kidogo. Wazazi, umri na mizani vinakuambia karibu kila kitu.

Anza na umri, maana njia rahisi ya kumfanya mbwa aonekane mdogo ni kumwongezea miezi kwa mdomo. Anayeitwa wa miezi mitano, kumbe ana wiki tano na ametolewa kwenye titi jana. Mfungue kinywa. Meno ya utoto yanaanza kutoka wiki ya tatu, na kwa wiki ya nane huwa yamekaribia kutimia yote 28, membamba na makali. Meno ya ukubwani ya mbele yanaanza kuingia karibu na mwezi wa nne. Aina ndogo huchelewa kidogo, lakini ukiambiwa miezi mitano na kinywa kizima kina sindano za utoto tu, au hata hazijatimia, basi meno yamesema kweli na mtu amesema lake.

Kisha mizani. Chihuahua anazaliwa na kama gramu mia moja. Akifika wiki nane, makisio ya wafugaji ni kuzidisha uzito wake kwa tatu hadi nne upate wa ukubwani. Mwenye gramu 600 ataelekea kilo mbili na kitu. Mwenye kilo moja na robo anaelekea nne au tano, na hiyo ya "kilo moja na nusu akikua" haitakuja hata kwa dua. Ni makisio, jipe nafasi juu na chini. Wengi humaliza kukua kati ya miezi minane na mwaka. Mizani ya mama wa dagaa inatosha kabisa, akikuruhusu, na ukitandika karatasi safi na kumlipia sabuni.

Halafu wazazi, wote wawili, kwa kilo na kwa macho. Ukiona mama ana kilo nne na baba tatu, tegemea mtoto wa hapo katikati, mfurahie. Uliza pia kama alikuwa mdogo kuliko nduguze wote. Mdogo wa mwisho wa uzao anayetangazwa kwa bei ya juu kabisa mara nyingi ndiye dhaifu kabisa: utosi ulio wazi, goti linaloteguka, koo linalokohoa akivutwa kamba. Mchague anayekimbilia chakula na kumkanyaga mwenzake.

Ukishajua hayo, simu inakuwa fupi.

"Habari, kaka. Nimemwona yule mweupe. Mama yake ana kilo ngapi?"

"Mama yake mdogo sana, dada."

"Mdogo kilo ngapi?"

"Mdogo wa kawaida tu."

"Nipigie kwa video nimwone."

"Kwa sasa hayupo, dada. Amesafiri."

"Mbwa amesafiri?"

"Yupo Morogoro."

"Na baba yake?"

"Ndiye aliyemsindikiza."

"Haya kaka, wakirudi wapandishe wote wawili kwenye mizani, unitumie picha ya namba. Hela ipo, haijasafiri."